Injini Iliyokaa Uani

Ijumaa, mwezi wa Januari. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, milima ikanukia vumbi lililoroa, halafu jua likatoka taratibu.

Enzi zetu hatukuwa na midoli. Tulikuwa na bloku ya injini. Labda wengine walikuwa nayo, sitaki kuwasemea. Sisi pale Wadi Kabir tulikuwa na pande hilo la chuma limekaa uani karibu na birika la maji, na matundu yake manane, manne huku, manne huku. Kila mtoto na tundu lake, ndilo jiko lake. Tunapika wali wa mchanga, tunakaribishana, tunagombana nani kammwagia mwenzake maji kwenye pilau. Adhuhuri chuma kinachoma mapaja. Magharibi kinabaki na uvuguvugu, kama mkate uliofunikwa kitambaa. Tukiingia ndani na mafuta meusi kwenye magauni, Mama anasema, "Injini yenyewe haiendi, lakini doa lake lina mbio."

Baba na mdogo wake, Ami Hilali, walinunua injini mbili kuukuu za Kimarekani, kila mtu na yake, sare sare, kwa gari moja. Moja ikiwa garini, nyingine inafunguliwa. Ami ndiye fundi, Baba ndiye dereva. Wakishindana na wenzao kwenye barabara mpya iliyokuwa haijafunguliwa: gari mbili ubavu kwa ubavu, njia imenyooka, mbio zimekwisha hujamaliza Bismillahi. Watoto hatukupelekwa. Ule mngurumo ninaoukumbuka, huenda nimeuota tu.

Ami akafariki kwa maradhi, bado kijana. Injini moja ikabaki kwa Baba, nyingine akapewa mjane wake, Bi Zuwena, naye akawauzia wanunuzi wa vyuma. Sisi tukaambiwa ya kwetu ndiyo iliyokuwa ikishinda, na ni ya Baba. Tukakua tunajivuna nayo.

Sasa Baba naye hayupo, na ndugu yangu Saidi anaifufua ile gari kwa ajili ya maonyesho ya magari ya zamani. Kibao ameshaagiza, chenye jina la Baba peke yake. Wiki hii, akikwangua rangi ya bloku, chini yake zikatokea pete mbili zilizoshikana, zimechongwa kwa patasi.

Nilizijua pale pale, na nilitamani nisizijue. Sikukuu, tukifukia nyama ya shuwa kwenye shimo la mtaa iokwe kwa makaa, kila nyumba hutia alama kifurushi chake kwa waya, visichanganyike. Sisi tulikuwa na pete moja. Kwa Ami, pete mbili.

Saidi alinitazama. "Dada, Baba hakuwa mwizi."

Sikusema ni mwizi. Inawezekana alikosea, chuma zote mbili nyeusi kwa mafuta, na msiba mbichi. Inawezekana alijua. Mimi nilisoma kidogo, sijui kumhukumu maiti. Lakini hata shuwa, ukibeba kifurushi cha mwenzio kwa bahati mbaya, ukishakifungua huli mpaka umwite mwenyewe. Nikampigia simu Bi Zuwena. Saidi alinuna, kisha, nimtendee haki, ndiye aliyekwenda kumchukua huko Madinat Sultan Qaboos, anakoishi na binti yake.

Bi Zuwena alikaa, akazipapasa zile pete. Tukamweleza yote. Saidi akaomba radhi kwa niaba ya Baba.

"Radhi ya nini?" akasema. "Nlimpa mie. Nlimwambia, shemegi, chukua hii ya Hilali, mie niachie yako niuze. Hii, mikono yake yote imo ndani, ntalala nayo vipi uani?"

Tukamuuliza mbona hakusema miaka yote hiyo.

"Aloniuliza nani? Mnasema ya baba yenu, baba yenu kanyamaza. Nkaona naye ana msiba wake."

Saidi akasema kibao atakibadilisha, aandike jina la Ami. Bi Zuwena akamwambia aandike atakavyo.

"Mie nna haja moja tu. Sijaisikia hata siku moja. Wanawake hatukwenda, na mtaani gari wakiivuta kwa kamba, ati majirani wasisumbuke. Mie nkifua nguo zake tu, zinanuka petroli. Iwashe niisikie, mwanangu."

Saidi akamwambia kweli: kutu imekula ndani, ikiwashwa huenda ikapasuka, na ikipasuka hakuna maonyesho. Bi Zuwena hakumsihi. Saidi akaiangalia ile bloku, akatoa simu, akamwambia mwenye maonyesho asimngoje.

Siku hizi magari yanapita kimya kama paka. Mjukuu wangu aliitazama ile injini akauliza inachajiwa wapi. Jambo likitokea asubuhi, adhuhuri liko kwenye simu za ukoo mzima. Wazee wetu walijua kusitiriana, na naililia hiyo sitara. Lakini nisiwapambe mno: kimya chao nacho kilimnyima mtu mlio wa mumewe. Sijui kama itaunguruma au itapasuka. Saidi anasema mwezi ujao, inshallah, tutajua.

Usiku tumekula mkate wa kumimina na maharage ya nazi. Bi Zuwena akajiongezea, akasema leo harudi kwao, atalala hapa kwetu.