Marjut na Chupa Zilizokazwa

Katika maabara yetu hapa Kuopio, Ufini, Marjut Kokkonen ndiye mlezi wa seli za saratani ya utumbo mpana. Majira haya ya baridi alikuwa akizijaribu kwa butireti, asidi fupi ya mafuta ambayo bakteria wa tumboni huitengeneza kutokana na makapi ya nafaka. Hunuka kama siagi iliyochacha, na chumba cha kahawa kimepakana na maabara.

"Mama, leo umetuletea soksi za nani?" aliuliza mkuu wetu, Ilpo, akilisogeza kando andazi lake la iliki.

"Zako. Nimezitambua kwa matundu."

Marjut alijibu hivyo, lakini aliona haya. Katika jaribio lililofuata alivikaza vifuniko vya chupa zenye butireti ili harufu isitoke. Siku chache baadaye, seli zote za chupa hizo zilikuwa zimekufa. Kwa furaha akampigia simu kaka yake, Reijo, aliyekuwa amekatwa kipande cha utumbo kwa saratani hiyohiyo na kuanza dawa za dripu.

"Basi dripu za nini tena?" alisema Reijo. "Zinanitapisha bure. Nitakula mkate mweusi wenye makapi tu. Jumatatu siendi."

Marjut alidhani anatania. Ijumaa, alipokuwa akizisafisha chupa, aliona kwamba kimiminika cha waridi kilikuwa kimegeuka zambarau. Rangi hiyo ilimaanisha kwamba hewa ya kabati la joto, ambamo seli hukuzwa, haikuingia. Zilizokufa zilikuwa zimekosa hewa, na butireti haikuwa imethibitisha lolote.

Alimwarifu Ilpo, ambaye alisema tu, "Rudia. Sisi tutafungua dirisha." Kisha Marjut akaendesha gari hadi kwa Reijo.

"Kwa hiyo ulizinyonga mwenyewe?" aliuliza Reijo baada ya kuelezwa.

"Nilizinyonga, kaka. Jumatatu nakupeleka hospitali."

"Na nikikataa?"

"Nitakubeba. Siku hizi u mwepesi."

Reijo alinuna, kisha akaenda kutafuta koti lake la kuvaa Jumatatu.

Jaribio la marudio lilifanywa vifuniko vikiwa vimelegezwa. Marjut alimpelekea kaka yake majibu na mkate mweusi alipokuwa kwenye kiti cha dripu iliyofuata.

"Nyingi zimeacha kuzaana, na baadhi zimekufa. Safari hii ni kweli. Lakini hizo ni seli za chupani, si zako."



"Si haba," alisema Reijo. "Nikatie huo mkate, halafu mwite nesi. Dripu inaelekea kuisha."