Dagaa Wakavu wa Saa Mbili na Nusu

Watu wakisikia nahariri kipindi cha televisheni hudhani nakaa na mastaa. Nakaa na mafaili. Chumba changu kiko Igoma, ukuta mmoja na fundi wa mageti, na grenda lake likianza kulia asubuhi mimi huziba masikio kwa spika na kuanza kujiuliza lile swali moja la kila siku: hii ilitokea kabla au baada ya ile?

Msimu ule tulikuwa na akina mama sita, wachuuzi wa samaki na dagaa, waliowekwa nyumba moja ya kupanga Igogo wakishindana kazi na upishi. Kamera nne ziliwafuata toka chai mpaka chakula cha jioni. Kila kamera ina kadi yake, na mimi ndiye wa kupanga vipande vyote kwenye mistari minne ili dakika moja ikae juu ya mwenzake. Njia yetu ilikuwa ya kienyeji lakini haikudanganya: kamera zikishawashwa, mtu anapiga kofi moja mbele ya zote. Nikisikia kofi, nalinganisha. Asipopiga mtu, nategemea saa zilizomo ndani ya kamera, na hapo huwa namwachia Mungu.

Siku ya tisa haikuwa na kofi. Asubuhi mama mdogo kuliko wote alipigiwa simu kwamba mwanawe yuko hospitali, homa imempanda, hamtambui mtu. Alikaa chini sebuleni akalia, na wapiga picha wakaona haya kupiga makofi kwenye nyumba yenye majonzi. Siwalaumu. Hata mimi nisingepiga.

Basi nikapanga kwa saa. Kamera za ndani zilionyesha kilio, saa mbili na nusu asubuhi. Kamera ya tatu, iliyokuwa uani, nayo ilisoma muda uleule, na humo alikuwamo mshiriki mzee kuliko wote, bibi wa watu mwenye macho mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kukausha sangara. Anacheka. Anacheka mpaka anainama na kushika magoti. Nikaweka kilio, nikafuatisha kicheko. Mtayarishaji alipoona alipiga paja. "Hii ndiyo inaenda kwenye tangazo," akasema. Nilikuwa nimechoka, nikampa.

Tangazo likazunguka kwenye simu za watu siku mbili nzima. Huku kwetu, bibi mwenye macho mekundu akicheka wakati mtoto wa mwenzake anapigania uhai, watu hawaishii kusema ana roho mbaya. Wana neno jingine, mchawi, na neno hilo limeshawahamisha wazee kwenye nyumba zao. Nililijua hilo, nimezaliwa huku. Nikajiambia picha haisemi uongo.

Siku ya tatu, nikimalizia kipindi chenyewe, nikatazama mikono yake badala ya uso. Alikuwa anaanua dagaa. Walikuwa wakavu kabisa, nawasikia wakichakarika wanavyoingia kwenye gunia. Mimi nimekua nikimwanikia mama yangu dagaa. Saa mbili na nusu asubuhi bado wana maji, hakuna mwenye akili anayewaanua. Nikampigia mpiga picha wa kamera ya tatu, mtu mzima, mzoefu wa harusi za Kirumba.

"Kaka, saa ya kamera uliiweka lini?"

"Siku hiyohiyo, dada. Betri ilizima, nilipoiwasha ikaniuliza saa. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, nikaandika nane na nusu."

Sikuweza hata kumgombeza. Wote tunaishi hivyo, saa inasoma hivi na mdomo unataja vile. Yeye siku hiyo alisahau kugeuza, na nane na nusu ya kamera ni saa mbili na nusu asubuhi. Nikaisogeza kamera yake saa sita mbele. Kila kitu kikakaa mahali pake. Sebuleni yule mama kijana yuko kwenye simu, anauliza, "Amekunywa uji? Amekutaja jina?" Anakimbilia mlango wa uani kutangaza habari, na huko nje kicheko kinapasuka. Bibi alicheka kwa sababu mtoto amezinduka.

Mtayarishaji alinuna, lakini tangazo alilifuta, na kipindi kikaenda hewani kikiwa sahihi. Ila tulichofuta sisi hakikufutika kwenye simu za watu, na ukweli haukupata wa kuusambaza. Mitaani walishasema lisemwalo lipo.

Wiki kadhaa baadaye nilimfuata bibi sokoni Mwaloni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza kosa langu lote, kamera, saa na dagaa. Alisikiliza huku akipepeta. "Kumbe ni saa tu," akasema. Wateja walikuwa wanapita kwenda meza ya jirani. Niliona aibu kubwa kuliko niliyowahi kuiona, na ili nisilie nikamwambia mama yangu angenichapa: mtoto niliyelelewa kwa dagaa, nimeshindwa kutofautisha wakavu na wabichi.

Kicheko kikaanza kumjia. Akageuza kichwa kulia, kisha kushoto, akatazama nani ameshika simu. Akavuta kanga, akaziba mdomo kwanza, ndipo akacheka.