Pengo Kwenye Mstari Mwekundu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mpaka leo nikiifikiria masikio huniwaka moto. Nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa Kasikeu, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Jirani yetu Susu Kalondu, nyanya aliyeletwa huku na ndoa kutoka Nuu, aliniazima kiondo chake nihesabu nyuzi na kujifunza nakshi yake. Nikahesabu. Nikasuka changu uzi kwa uzi, hata ungeviweka pamoja usingevitofautisha.

Nikakipeleka kwenye kikundi cha akina mama. Wakakipitisha mkono kwa mkono wakikisifu, na mwenyekiti akauliza nakshi hiyo ni ya nani.

"Ni yangu," nikasema. "Nimeitoa kwa kichwa yangu."

Susu Kalondu alikuwa ameketi nyuma akisokota mkonge pajani. Hakuinua macho. Mama mmoja akagusa mstari mwekundu. "Na hapa mbona laini imekatika?"

Kumbe nilikuwa nimenakili hata pengo! Sikuwahi kujiuliza lilitoka wapi. Nikadanganya kwamba ni njia ya mbuzi kwenda mtoni. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Tulipotoka, Susu akanishika mkono. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Hapo ndipo uchungu wa kuzaa ulinishika," akasema. "Nikaacha uzi hivyo. Alikuwa msichana, Mwende. Alikaa siku tatu tu. Hiyo pengo ndiyo kitu nilibaki nayo. Kusuka suka, mwana wakwa, hata kesho nitakuonyesha ingine. Lakini usimtoe Mwende hapo uweke mbuzi."

Nililia njia nzima. Mkutano uliofuata nilisimama, nikasema ukweli mbele ya wote na kulitaja jina la mtoto. Nilidhani watanifukuza. Susu mwenyewe ndiye aliyesogea akanipa nafasi kando yake. "Sasa ongeza yako," akaniambia. Nikaongeza mstari wa kijani chini ya ule mwekundu, huo ambao wewe umeukuta.

Leo nakshi hiyo inasukwa mpaka Emali, na anayeifundisha akifika kwenye pengo husema, hapa ni pa Mwende. Mtoto wa siku tatu, hebu fikiria!

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya kiondo chako chenye nakshi hiyo hiyo, na chini yake umeandika "ubunifu wangu". Mwanangu, azima. Hakuna aliyewahi kuanza na mikono mitupu. Lakini omba kwanza, uliza hata kuhusu yale usiyoyaelewa, mtaje uliyejifunza kwake, kisha ongeza chako bila woga. Kwenye picha ile yanakosekana majina mawili tu, la Susu Kalondu na la Mwende. Yaandike sasa hivi, nikikuangalia.

Mungu aibariki mikono yako, isikose uzi. Na siku moja msichana usiyemjua, akifika kwenye mstari wako, akutaje kwa jina.