Amani ya Mchana Bogoro

Nilikwenda Bogoro kutafuta sababu ya kuwaondoa watu nyumbani kwangu. Mama Furaha, mkulima aliyekuwa akiniuzia maharagwe, alikimbia vita kwao Bogoro pamoja na wanawe, akafikia kwangu Nyakasanza, mjini Bunia. Miezi ikapita. Sebule ikajaa mikeka na vikohozi, nami nikachoka. Nilitamani kukaa kwenye kiti changu mwenyewe. Sokoni nikasikia kwamba Bogoro kumetulia. Sikumuaga mtu, nikapanda pikipiki.

Njiani moyo haukutulia. Kila kizuizi cha askari kilinitia hofu, na kila msafiri aliyetoka upande ule akicheka alinipa furaha.

Bogoro, kabla ya adhuhuri. Mihogo imeanikwa kando ya barabara, akina mama wanapalilia. Nyumba ya Mama Furaha imesimama, mabati yote yapo. Nusura nipige vigelegele! Jirani yake, Mama Neema, akanikaribisha viazi vitamu.

"Kumbe amani imerudia," nikamwambia.

"Si unaona? Tunalima."

Nikala kwa raha. Alasiri, wakati wa kuaga, nikamkuta anafunga godoro kwa kamba. Huko nje, barabara nzima ilikuwa watu na magodoro kichwani.

"Munaenda wapi?"

"Kulala pembeni ya kambi ya masoda, askari watulinde. Hapa siye tunalima tu, mama. Usiku hakuna mutu anabaki."

"Na watoto?"

"Watoto ndio tunatanguliza."

Safari ya kurudi niligombana na nafsi yangu. Nyumba ipo, mabati yapo, watu wanalima: nikisema hayo tu, nitakuwa nimedanganya?

Bunia, jioni. Mama Furaha alikuwa anasonga bugali.

"Nimetoka Bogoro," nikamwambia.

Mwiko ukasimama. "Nyumba yetu ingali?"

"Ingali. Hata mabati iko."

"Aksanti Mungu! Basi kesho tunarudia. Tumekusumbua sana, mama."

Kiti changu kilikuwa mbele yangu, ilitosha ninyamaze. Nilinyamaza kweli, mpaka mtoto wake mdogo akaanza kukunja mkeka.

"Lakini usiku," nikasema, "hakuna mutu analala kule."

Akaendelea kusonga, na mimi nikaona aibu. Nilichojifunza ni hiki: mwenye mlango wa kufunga usiku hana haki ya kuwapimia wenzake amani ya mchana.

Kesho yake nikatoa magunia ya maharagwe kwenye depo, stoo yangu ya nyumbani, wageni wakapata chumba chenye kitasa. Sasa magunia ndiyo yanalala sebuleni, na kiti changu bado sijakipata.