Fatiha Tuliyoisoma Kabla ya Karatasi

Wanangu wanasema mie mkali. Wacha niwe. Siku ile nilikuwa na haki ya ukali, na hata sasa nikiikumbuka hasira hunipanda upya.

Miezi miwili mwanangu wa mwisho alikuwa akinibembeleza tuiuze nyumba yangu ya Khuwair ya Kusini, aliyoniachia marehemu baba yake, tununue mpya huko upande wa Sib. Si Sib ya sokoni. Ni mji umezungushiwa ukuta, una lango na walinzi, ziwa la kuchimbwa, na nyasi kijani kama zimepakwa rangi. Mulkiya ya nyumba yangu, yaani hati, ina jina langu. Bila ya sahihi yangu haiuzwi. Nilikubali kwa sababu magoti hayataki ngazi tena, na ile mpya ilikuwa ya chini.

Dalali alikuja kwangu asubuhi. Kijana nadhifu, kanzu imenyooka, Kiswahili cha nyumbani kabisa. Mama yake mtu wa Unguja. Tukaulizana jamaa mpaka tukapata ndoa moja iliyotuunganisha, basi nikamwona wetu. Akanywa kahawa, akala halwa, bei ikakubaliwa, mwanangu akampa arbuni ya kuishikia nyumba. Tukainua mikono tukasoma Fatiha. Kwetu ukishasoma Fatiha maneno yamefungwa. Anayeanza kuuliza baada ya hapo ni kama anamwambia mwenzake mwizi.

Na hapo ndipo ulipokuwa ujinga wetu. Karatasi zote bado zilikuwa ndani ya bahasha.

Dalali akazitoa. "Hizi za kutia sahihi, bibi. Na hizi za jumuiya tu."

"Jumuiya gani?"

"Ya wenye nyumba. Kila anayenunua ni mwanachama."

"Na nisipotaka uanachama?"

Akacheka. "Ukinunua tu, bibi, umeshaingia."

"Haya. Nnatoa mchango wangu, yamekwisha?"

"Ni ada ya kila mwaka. Kwa ukubwa wa nyumba. Ndiyo inayolipa walinzi, taka, bwawa la kuogelea."

"Mie nikaogelee na buibui langu?"

Mwanangu akanikata jicho. Sikumtazama.

"Halafu iko ya pili," dalali akasema, na sauti imeshuka. "Ile ya kwanza ya mtaa wenu. Hii ya mji mzima: barabara, taa, ziwa."

"Mpaka lini?"

"Haina mwisho, bibi."

"Mpaka nife?"

"Mungu akupe umri! Lakini atakayerithi ataendelea kulipa."

"Kumbe kufa kwangu hakuwapunguzii kitu. Inapanda?"

"Hupangwa kila mwaka, kufuatana na gharama."

"Nimekuuliza inapanda?"

"Huweza kupanda."

"Kushuka umeshaiona?"

Akaichezea kalamu. Nikamuuliza, asiyelipa anafanywa nini? Akasema deni linabaki juu ya nyumba, na nyumba haiuziki mpaka lisafishwe. Basi huyu anayetuuzia kasafisha lake? Dalali akashika simu. "Nitamuuliza," akasema.

Nitamuuliza! Fatiha tumeshasoma, arbuni imo mfukoni mwake, na yeye ndiyo kwanza anakwenda kuuliza.

Nikamwambia anisomee na masharti, yote, polepole. Nguo zisianikwe zikaonekana. Nje kusipikwe. Hema lisifungwe mbele ya nyumba.

"Siku ya msiba watu nitawaweka wapi?"

"Upo ukumbi, bibi. Unakodishwa."

Hapo nilisimama. Nyumba ninunue mie, ada mbili nilipe mie, na siku nikifa wanangu wakakodi pahala pa kunililia!

"Mama," mwanangu akasema, "tumeshasoma Fatiha. Usinitie aibu."

"Fatiha tumemsomea Mungu. Huyo mwenye ziwa hatukumsomea. Wewe ulizijua ada hizi?"

Akainamisha kichwa.

"Nnakuuliza wewe, si zulia."

"Nilizijua, mama. Nikasema tutaona."

Tutaona! Mtu mshahara wake nusu unaishia kwenye mkopo wa gari. Nyumba ya baba yake haidaiwi na mtu, mfereji ukiharibika tunamwita fundi wa Wadi Kabir, tunamlipa, anakwenda zake. Hiyo ndiyo aliyotaka niitoe, niingie pahala ambapo siku yeye akikosa kazi, hatuwezi kulipa wala hatuwezi kuuza.

Nikaichukua mulkiya mezani, nikaingia nayo chumbani, nikafunga kwa ufunguo. Dalali akaaga. Yeye simlaumu sana, nilichomuuliza hakunificha. Nnajilaumu mie niliyemtilia kahawa kabla ya kumfungulisha bahasha. Watu wetu wangapi wamenunua hivi hivi, kwa sababu muuzaji anajua jina la shangazi yao? Wakishahamia wananong'onezana ada, na hakuna anayethubutu kusema kwamba hakuuliza.

Arbuni ilipotea. Mwanangu alikaa karibu mwezi mzima akija, ananibusu kichwa, anakaa, anatazama simu yake. Siku moja ndipo aliponiambia, "Ungeniuliza taratibu, mama, tukiwa peke yetu."

"Miezi miwili tulikuwa peke yetu," nikamwambia. "Ulinyamaza."