Siku Baba Aliposema Anakata Gavana

Ting, ting, ting. Ni kengele ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, nayo hulia gari likizidisha mwendo. Magari mengi ya zamani hapa Doha yanayo. Wengine wakiisikia huondoa mguu kwenye mafuta wakaendelea na hadithi zao. Mimi nikiisikia, mdomo hujaa ladha ya chuma na naona jino la baba juu ya sakafu ya simenti. Mniwie radhi kwa kuanza hivyo. Sijui pengine pa kuanzia.

Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi Al Wakrah, mimi, baba na mama, katika chumba kimoja kilichonuka vitunguu na dawa ya kunguni. Baba aliendesha Coaster nyeupe, basi dogo la kampuni moja ya kukodisha magari. Kabla ya hapo, nyumbani Kenya, alikuwa na matatu yake mwenyewe, mpaka gavana wa kaunti yetu alipoamua kuleta mabasi ya kaunti. Sitawaficha, mabasi yenyewe yalikuwa mazuri. Lakini kwa neno moja la gavana, wenye matatu waliamriwa kuondoka steji zao za kupakia abiria, na waliokataa walitumiwa vijana. Baba alikataa. Vijana walikuja na petroli kabla ya mapambazuko, na ndugu yake, baba mdogo Wekesa, alikuwa amelala ndani ya matatu akiilinda. Baba alimvuta motoni kupitia dirisha, ndiyo maana mkono wake wa kushoto ulikuwa na ngozi iliyokunjamana na kung'aa. Baba mdogo aliishi siku nne.

Sasa niwaeleze jambo la lugha, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu, kile kidude kinachofungwa kwenye gari ili lisikimbie sana nacho huitwa gavana. Kukata gavana ni kukata waya wake ili gari liende litakavyo, na hakuna dereva wa enzi za baba ambaye hakuwahi kukata. Mezani kwetu neno hilo lilikuwa la kila siku. Mimi niliijua gavana ya gari kabla ya kumjua gavana wa watu, na mama aliponiambia kwamba gavana anakuja Doha, niliuliza kama ataletwa kwenye katoni. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka.

Gavana alikuja kuangalia mabasi. Alitaka kuona jinsi Doha ilivyounganishwa na miji ya pembeni, ili akirudi afikishe mabasi yake hadi vijijini. Kampuni ilimpa baba kazi ya kuendesha msafara wake, bila kujua lolote kuhusu petroli wala Wekesa. Siku moja kabla, nilimsikia baba akizungumza kwenye simu na rafiki yake, akiwa amegeukia ukuta.

"Kesho nakata gavana," alisema. "Baada ya hapo, liwe liwalo."

Nilifurahi mno. Niliona ile Coaster ikiruka kwenye barabara kuu, kengele yake ikilia, na mimi nikipunga mkono dirishani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wakenya walikusanyika kwenye ukumbi mdogo huko Fereej Bin Mahmoud kumsikiliza gavana, na mama alikuwa jikoni humo akipika pilau. Asubuhi yote alilalamika kwamba kisu chake cha mpini uliopasuka kimepotea. Mimi niliachwa kwenye maegesho chini ya jengo, nikae na baba karibu na gari, kwenye joto na matone ya viyoyozi. Baba alienda kunawa. Mlinzi mmoja wa gavana, mnene, mwenye miwani myeusi, alinipa soda akaniuliza mbona nina furaha hivyo.

"Leo baba anakata gavana," nilisema kwa majivuno.

Alitabasamu kwanza. Halafu akaacha kutabasamu. Alimwita mwenzake, wakapekua chini ya kiti cha dereva, wakatoa kisu cha mama kikiwa kimezungushiwa gazeti.

Baba aliporudi, mikono yake bado ilikuwa inachuruzika maji. Hawakumpa nafasi ya kufuta.

"Buda, leo unakata nani?" mlinzi mnene aliuliza, na kabla baba hajajibu alimpiga ngumi ya mdomo. Jino lilianguka na kubingirika hadi kwenye kiatu changu. Wakamwangusha. Mmoja alimkalia miguu, mwingine akachukua spana ya magurudumu kutoka kwenye gari letu wenyewe akampiga nayo mbavuni, mara nyingi, taratibu, kama mtu anayetwanga. Sikio la kushoto walilikanyaga. Damu ilitoka humo, nyembamba na nyeusi. Baba hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikajikojolea, na soda ikamwagika ikachanganyika na yote hayo.

Mama alishuka na mwiko wa pilau, wa moto, ukiwa na wali. Alimchapa mlinzi shingoni, yule akapiga yowe, kisha akamsukuma mama kwenye nguzo hadi paji la uso likapasuka. Bado ana alama. Akiwa na hasira siku hizi, huigusa.

Ndipo gavana mwenyewe akashuka. Alikuwa mtu mfupi, viatu laini, ananukia udi. Nilimtazama nikashangaa kwamba mtu mdogo vile ndiye aliyefukuza magari ya mji mzima.

"Mheshimiwa, huyu alipanga kukukata," mlinzi alisema akihema. "Kisu hiki hapa. Mtoto wake mwenyewe ametuambia."

"Si wewe," nilimwambia gavana nikilia. "Ni ile ya gari. Inazuia gari. Baba anataka liende mbio."

Gavana alimtazama baba pale chini. Baba alifungua mdomo uliojaa damu akasema, "Kisu ni cha kukatia waya, mheshimiwa."

Gavana alicheka. Alicheka hadi akatoa leso na kufuta macho, na walinzi nao wakacheka kwa kuwa bosi amecheka.

"Kumbe si gavana anakatwa, ni gavana inakatwa," alisema. "Pole, mzee. Lugha yetu hii itatuua siku moja."

Polisi hawakuitwa. Gavana hakutaka aibu ya ugenini, na baba hakutaka kurudishwa nyumbani. Hospitalini tulisema alianguka akifunga mizigo juu ya gari. Mbavu mbili zilivunjika, na sikio la kushoto halikusikia tena. Nilipomwomba msamaha, alinitazama kama anayenipima.

"Ulifanya vizuri kuwaambia ni ya gari," alisema.

Gavana alirudi akamaliza kazi yake. Mabasi yalifika vijijini kweli. Leo yanapita mbele ya lango letu kule Kenya, na mama huyapanda kwenda sokoni na husema ni safi. Mimi nilikua nikiwa mtoto asiyesema mambo ya nyumbani kwa mtu yeyote. Nilijichukia. Nilijiona mtoto aliyemuuza baba yake kwa chupa ya soda, kwa sababu tu hakuelewa neno.

Sasa nafanya kazi ya ukarani kwenye kampuni ileile, yadi yake iko Al Wukair. Wiki iliyopita ile Coaster ililetwa kufunguliwa ili iuzwe kama vyuma chakavu. Dereva aliyeileta alisema kengele yake bado ililia njiani. Nilimfuata Saidi, fundi wetu kutoka Tanga, nikamwomba anionyeshe pale ilipofungwa gavana, maana nilitaka kuuona waya ulionigharimu utoto wangu.

"Gavana ipi, dada?" Saidi aliuliza akijifuta mikono. "Hii haijawahi kufungwa gavana. Ina hiyo kengele tu ya kiwandani. Angalia, hapana alama hata moja."

Nilikaa kwenye tairi kuukuu. Kwa hiyo nilichomwambia yule mlinzi kilikuwa kweli, na kile kisu kilikuwa cha gavana wa watu. Nilikosea nilipomwambia gavana kwamba ni ya gari, na kosa hilo ndilo lililomwokoa baba asiuawe pale pale. Nilimwonea huruma yule mtoto wa soda kwa mara ya kwanza, na nikamwogopa baba kwa mara ya kwanza, vyote kwa pamoja.

Jioni nilimpigia simu. Anaishi nyumbani sasa, na simu huiweka sikio la kulia.

"Baba, ile Coaster tumeifungua," nilisema. "Haikuwahi kuwa na gavana."

Nilisikia basi la kaunti likipiga honi langoni, likapita.

"Hata hivyo hakukatwa, mwanangu," alisema.

Hakusema haikukatwa.