Kichupa cha Kila Asubuhi

Kwa wiki saba watu wa foleni ya duka la dawa walikuwa wakimwombea fundi vioo apone, na fundi vioo hakuwa na ugonjwa wowote. Kosa halikuwa lao. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane anakuja kila asubuhi isipokuwa Jumapili, saa mbili na nusu, shati limenyooshwa pasi, viatu vinang'aa, mkononi ana kichupa cha maji yenye umanjano kidogo. Anakisukuma chini ya kioo cha kaunta huku akitazama pembeni kwa haya. Wewe ungefikiri nini?

"Pole, baba," alimwambia bibi mmoja mwenye kikapu, mteja wa miaka mingi wa vidonge vya shinikizo la damu. "Ni figo?"

"Hapana, bibi. Haya ni maji ya..."

"Wala usione haya. Hata marehemu mume wangu alianza hivihivi."

Angewaambia nini? Kwamba ni maji ya samaki, na samaki wenyewe hawajafika?

Lakini huo ndio ukweli, na ni wa kuanzia mbali kidogo. Jina la fundi huyu lilisahauliwa zamani, watu wote walimwita Usiguse, kwa sababu miaka thelathini na mitano ya kukata vioo alikuwa akiwaambia neno hilo wateja, watoto wa wateja na paka wa wateja. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wameoa na kuolewa mbali. Nyumba ikapoa, akawa anaacha redio wazi mchana kutwa ili akitoka kazini akute japo mtu mmoja anaongea.

Siku moja akaitwa hotelini kubadilisha kioo kilichopasuka cha tangi la samaki. Ndani ya ndoo za kusubiria walikuwamo samaki wa miambani wa yale maziwa makubwa ya Afrika. Ni jamaa wa perege hawa, ukoo mmoja kabisa, ila perege kavaa nguo za shamba na hawa wamevaa za harusi: bluu, manjano, rangi ya chungwa, milia. Na ugomvi! Walirudishwa tangini, na dakika hiyohiyo wakaanza kugombea mapango ya mawe kama wapangaji wa nyumba moja yenye bomba moja. Fundi alikaa akicheka peke yake mpaka mlinzi akaja kumwuliza kama yuko salama. Hakuwa salama hata kidogo. Alikuwa ameshapendezwa.

Fundi vioo akijitengenezea kitu chake mwenyewe hajibanii. Alikata kioo cha unene wa milimita kumi na mbili, tangi likawa na urefu wa mita mbili, lita mia sita. Akasugua kingo, akaunganisha kwa gundi ya silikoni, akaliacha wiki nzima likauke, naye akilizunguka na kujiambia mwenyewe, usiguse. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa mlango wa nyumba yake. Siku ya kulihamisha tangi liligoma kuingia kwa ubavu na kwa kichwa, mpaka akang'oa dirisha zima la sebuleni, majirani sita wakalipitisha hapo, kisha akalirudisha dirisha kabla ya chakula cha mchana.

"Mganga hajigangi," alisema dada yake mkubwa, ambaye alikuja kusaidia na akaishia kukaa kwenye kochi akitoa maoni.

Muuza samaki alikuwa bwana mmoja mrefu asiyecheka, waliyemwita Sajenti kwa jinsi alivyokuwa akiamrisha wateja. Alimpa fundi masharti. Mawe ya chokaa, kwa kuwa samaki hawa hupenda maji magumu, yenye chokaa. Mawe yakae chini kabisa, mchanga ufuate, maana watachimba na kujiangushia nyumba. Chujio kubwa, tena mawili. Halafu wiki sita bila samaki hata mmoja.

"Wiki sita niangalie maji?"

"Kila siku unatia chakula kidogo. Kinaoza, kinatoa amonia, ambayo ni sumu. Wanazaliwa wadudu wasioonekana wanaokula hiyo sumu. Wakishakuwa wengi, amonia inashuka mpaka sifuri. Hapo ndipo nakuletea samaki, arobaini kwa mpigo."

"Si niletee watatu wanne kwanza?"

"Wakiwa wachache, mmoja anajifanya bwana mkubwa anawamaliza wenzake. Wakiwa wengi, hakuna mwenye nafasi ya kumwonea mtu." Akampa kiboksi cha dawa za kupimia maji. "Sifuri, fundi. Si karibu na sifuri."

Maandishi ya kile kiboksi yalikuwa madogo kama ufuta. Baada ya siku chache za kutia chakula, fundi akakipeleka duka la dawa pamoja na kichupa cha maji ya tangi, akamnong'oneza shida yake mfamasia mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Kutwa Mara Tatu. Alikuwa mwanamke mkavu, hana mchezo, na vidonge alivihesabu mara moja tu kwa sababu hakuwahi kukosea. Alichukua kiboksi na kichupa, akaingia nyuma ya kioo cha ukungu ambacho fundi mwenyewe alikifunga mwaka juzi, akatoka.

"Amonia nne. Mbaya sana. Uje tena kesho, hiki kiboksi kikae hapa."

"Ahsante, daktari."

"Mimi si daktari." Kisha akamtazama juu ya miwani. "Na hao samaki, wana rangi gani?"

Basi! Kwa miaka sita hakuna mtu aliyemwuliza fundi swali alilotamani kulijibu kiasi kile. Kwa sauti ya chini alieleza bluu, akaeleza manjano, alipofika kwenye milia foleni ilikuwa inakohoa kwa hasira. Alitoka pale akapita karakana yake mwenyewe bila kuiona, akaenda mpaka kona ya pili ndipo akashtuka.

Kuanzia hapo alinyoosha shati kila asubuhi. Alimpenda yule mama, na tusizungushe maneno. Alimpenda alivyokuwa akikunja mikono ya koti jeupe, na alivyokuwa akiandika namba ya siku kwenye karatasi ya dawa na kuipigia mstari chini. Na kila siku alikuwa na swali moja. Wanalala wapi? Wanakula nini? Ni kweli mama anabeba watoto mdomoni? Jioni fundi alimpigia Sajenti simu kutafuta majibu, mpaka Sajenti akawa hapokei.

Amonia ikaanza kushuka. Tatu. Mbili. Wiki ya tatu ikawa moja, na mfamasia akasema, "Hongera, fundi, siku chache tu utakuwa umemaliza."

Umemaliza! Fundi alirudi nyumbani amenywea. Alikuwa hajaiwaza hiyo hesabu: sifuri ikifika, kichupa hakina kazi. Mtu mzima mwenye afya ya ng'ombe ataendaje duka la dawa kila siku? Aseme ana nini?

Jioni ile dada yake alimkuta kasimama juu ya stuli, anamwaga kiganja kizima cha dagaa ndani ya tangi.

"Mdogo wangu, unapika?"

"Nalisha wadudu."

"Wadudu gani hao wanaokula dagaa?" Alimtazama, akatazama shati lililotundikwa na pasi iliyokuwa bado ina moto, akaketi taratibu. "Ni yule wa duka la dawa. Mapenzi kikohozi, hayafichiki. Si umwambie tu?"

"Akikataa, dawa ya moyo nitakwenda kuinunua wapi?"

Dada alicheka mpaka akashika mbavu, lakini ushauri hakuwa nao. Amonia ikapanda hadi nne. Fundi akarudi kupimiwa kila siku, furaha tele, na kila iliposhuka alirudi sokoni kwa muuza dagaa. Wiki mbili zikapita hivyo. Mfamasia alikunja uso mbele ya karatasi yake.

"Ajabu. Maji yako yana tabia za mtu mwenye siri."

"Maji nayo!" alisema fundi, akiangalia dari.

Kisha Sajenti akapiga simu yeye mwenyewe. Samaki arobaini walikuwa wamepatikana, wangefika Jumamosi ya wiki iliyofuata, na safari yao isingeweza kuahirishwa. Fundi aliketi mbele ya tangi lake akawaona wote arobaini, bluu na manjano, wamelala ubavu juu ya maji kwa sababu ya dagaa wake. Aliona haya mbele ya wanyama ambao hajawahi kukutana nao. Akapiga moyo konde. Akatoa uchafu wote, akabadilisha nusu ya maji, na dagaa waliobaki akampa paka wa jirani. Iwe sifuri. Kama ni kumkosa, amkose akiwa mtu mwema.

Zikafuata siku kumi na mbili za mateso. Kila asubuhi alisukuma kichupa akiomba iwe sifuri, mfamasia alipoingia nyuma ya kioo akaomba isiwe.

"Moja," alisema mfamasia. Siku mbili baadaye, "Nusu." Baada ya hapo, "Bado nusu." Jumatano, bado. Alhamisi, bado. Ijumaa fundi akashika kaunta kwa mikono miwili, akanong'ona.

"Daktari, samaki wanafika kesho!"

"Wewe waache waje," alisema yule mama, bila kumtazama usoni. "Usihangaike."

Jumamosi asubuhi Sajenti alishusha maboksi mlangoni, akamkuta fundi ametanua mikono kuziba njia.

"Usiguse! Maji bado! Jana ilikuwa nusu."

Sajenti hakubishana. Alitoa kiboksi chake mfukoni, akachota maji, akadondosha dawa, akatikisa. Maji yakawa manjano. Akapima mara ya pili, manjano yaleyale. Akapitisha kidole juu ya jiwe, akanusa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane uso wake ukalegea.

"Sifuri, tena si ya jana. Maji haya yametulia zaidi ya wiki. Hao wadudu uliwalisha nini? Ni jeshi zima humu, wanaweza kubeba hata samaki hamsini." Akamgeukia. "Nani amekwambia nusu? Maana huyo mtu, fundi, amekudanganya."

Kwenye kochi dada wa fundi alipiga yowe, akaanza kupiga mto ngumi, machozi yakimtoka, hawezi kusema neno.

Mifuko ikaelea juu ya maji mpaka joto likalingana, kisha ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Lo! Sebule iliyokuwa na redio tu ilijaa watu arobaini. Wa bluu alimfukuza wa manjano, wa manjano akamfukuza wa milia, wa milia akaingia pangoni akatoa kichwa kuangalia nani anafuata. Fundi alijipa dakika tano za kuwatazama. Kisha akachota kichupa, akatoka mbio, suruali imelowa mpaka magotini.

Foleni ya Jumamosi ilikuwa imefika nje.

"Mpisheni mgonjwa!" alipaza sauti bibi mwenye kikapu. "Hamuoni alivyolowa?"

Wakampisha, nyuso zimejaa huruma. Mfamasia alipokea kichupa akageuka kwenda nyuma ya kioo cha ukungu.

"Hapana," alisema fundi. "Pima hapahapa, nami nione."

Mama yule alisimama. Alileta kiboksi kaunta, na kwa mikono ile isiyokosea hesabu tone la kwanza alilidondosha mezani. Maji yakawa manjano.

"Manjano maana yake nini, daktari?"

"Sifuri."

"Tangu lini?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanong'ona. "Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Nilijua samaki hawatadhurika, nisingekuachia uwaue." Halafu akainua kidevu. "Na wewe? Amonia ilitoka moja ikaruka hadi nne, si mara moja wala mara mbili. Ulikuwa unatia nini?"

"Dagaa."

Kutwa Mara Tatu alicheka. Hakuna mtu katika foleni ile aliyewahi kusikia kicheko chake, na kilikuwa kikubwa, cha kushika kaunta.

"Majibu yamekujaje, baba?" aliuliza bibi, hawezi tena kuvumilia.

"Sifuri, bibi!" Fundi aligeuka amenyanyua mikono yote miwili. "Sifuri kabisa!"

Duka lililipuka. Wa alhamdulillahi wakasema alhamdulillahi, wa haleluya wakasema haleluya, mzee mmoja mwenye bandeji akamkumbatia. Fundi aliwapokea wote, hakumsahihisha hata mmoja. Kelele zilipopungua, mfamasia alikifunga kichupa akamrudishia.

"Kesho Jumapili, duka halifunguliwi," alisema kwa sauti ya chini, na moyo wa fundi ukazama. "Kwa hiyo nitakuja kupimia nyumbani kwako. Saa kumi. Na huyo wa milia nataka kumwona."

Bibi mwenye kikapu alikuwa wa kwanza mstarini, na masikio yake yalikuwa mazima. Alimtazama mfamasia, akamtazama fundi aliyelowa, akarudi kwa mfamasia, akatazama na kile kichupa ambacho wote wawili walikuwa bado wamekishika.

"Jamani, huyu hajapona," aliwaambia wenzake. "Na Mungu amjalie asipone."